Filamu Yangu Isiyo na Maneno

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeingia ukumbi wa mtaa kukwepa mvua, nimetoka mtu wa filamu! Walikuwa wanaonyesha filamu ya dunia nzima. Milima, majangwa, viwanda, watu wamejaa njiani kama siafu. Hakuna anayesema neno. Watazamaji wanalia! Nikasema kwa sauti, hii hata mimi naiweza. Nikaambiwa ninyamaze. Wivu. Msimamizi kasema Jumamosi wenyeji wataonyesha za kwao. Nimeandikisha jina.

Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutusalimia na hajaondoka tena, kacheka mpaka kakohoa. Ati mimi hata usingizini nahutubia. Tumewekeana sharti: neno langu moja likisikika kwenye filamu, kiti changu cha dirishani ni chake. Mke wangu kawa shahidi. Kakubali haraka mno.

Jumanne, 5 Machi

Kazi! Dunia nzima nimeipata humu humu ndani, kwa simu ya mke wangu. Volkano: maziwa yakifurika jikoni. Nimeyaacha makusudi. Milima ya barafu: povu la kufulia. Binadamu na mahangaiko yao: sisimizi na sukari. Bahari: mke wangu akipiga deki. Kauliza kama bahari haipigwi deki na wanaume. Hajui sanaa huyu.

Kimya ndicho kigumu. Kila picha lazima niwakemee watu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea fundi simu. Kasema picha nzuri, mzee, ila toa sauti. Nikauliza, nitoe sauti? Ndiyo, yote, usibakize hata kidogo. Nilijua tu! Mtaalamu kaniona nina kipaji. Na sauti si maneno, sharti liko palepale. Nimeshinda chooni kutwa nzima nikirekodi: radi, upepo, simba wawili. Jirani kaja kuuliza nani mgonjwa.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi umefurika! Taa zikazimwa. Volkano ikalipuka kwa ngurumo yangu, mtoto mmoja akapanda mapajani kwa mama yake. Barafu ikaja na upepo wangu, fyuuu! Raha iliyoje! Kisha sisimizi. Taratibu. Watu kimya kabisa, hata kikohozi hakuna. Ndipo spika zote zikapasuka kwa sauti yangu: wewe Shemeji, funga domo, filamu hii haina maneno!

Watu wakaanguka kutoka vitini kwa kicheko. Mke wangu alicheka akashindwa kusimama. Fundi simu kajishika kichwa, ati alimaanisha niiondoe sauti. Sasa si angesema ondoa!

Shemeji hakungoja taa ziwashwe. Kakimbilia nyumbani kukalia kiti.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nimekalia ndoo jikoni. Shemeji anakoroma dirishani, mdomo wazi. Mke wangu kauliza kama sasa nimepata funzo. Nimepata sana! Kosa ni la watazamaji, hawakuelezwa filamu isiyo na maneno ni kitu gani. Nimeshaanza nyingine, bubu kabisa. Safari hii nitasimama mwenyewe kando ya pazia na kipaza sauti, niwaeleze kimya kinaanzia wapi na kinaishia wapi.