Benchi ya Lamu Nje ya Geti Langu

Mugutha, Ruiru
14 Septemba 1996

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Akina Mama cha Tumaini

Mpendwa Mama Wakonyo,

Pokea salamu zangu, pamoja na malalamiko ambayo nimeyameza tangu Agosti hadi yamekataa kushuka. Mimi ni Gathogo, mume wa Wangeci, mwanachama wako. Mlimchukua mke wangu mkaenda naye Lamu siku sita, kujifunza kusuka mikeka. Mkeka sijauona. Niliyoyaona ni haya:

1. Wangeci amejifunza kukaa. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na sita amekunywa chai akiwa amesimama, jicho likiwa kwa ng'ombe. Sasa ikifika saa kumi na moja jioni anakaa. Hachambui mboga, hafumi. Nilipomuuliza kama ni mgonjwa, alisema anapunga upepo. Upepo wa Mugutha, kama ujuavyo, hutoka kwa machimbo ya mawe na huja na vumbi lake.

2. Anasema mitaa ya kule ni ya kale, myembamba hata punda wawili wakikutana lazima mmoja amheshimu mwenzake. Tena kila nyumba ina baraza la mawe mlangoni, mtu akae asalimiwe na wapitao. Mwenyeji wake, Bi Mwanarusi, alimkalisha hapo jioni zote sita. Basi amemwita fundi akajenga letu, kwa mawe niliyoyaweka ya choo kipya. Amelijenga nje ya geti! Sisi hapa hupanda ua ili tusionekane, yeye amejenga mahali pa kuonekania.

3. Watu wa hapa wakiona benchi nje ya geti hawaoni pa kupumzikia, wanaona foleni. Jumanne nilikuta watu kumi na mmoja wamekaa, wa kwanza ameshika kipande cha babake, kile kitambulisho cha enzi ya wakoloni, wakingoja kuandikishwa vitambulisho vipya. Niliwaeleza kwamba hapa si ofisi. Wakaniuliza, basi afisa atafika saa ngapi? Hakuna aliyeinuka, maana angepoteza nafasi. Wangeci akawapikia chai. Jumatano walikuja kumi na tisa, na hao hawakubeba karatasi yoyote.

4. Kuna ufuo huko, anasema, ambako alitembea asubuhi nzima bila kusikia sauti ya mtu. Kwa sababu hiyo aliniomba nizime redio, tena wakati wa habari. Nikazima. Sijui nchi iliendeleaje siku hiyo.

5. Hili ndilo zito. Anataka nikae naye. "Baba Ngendo, si ukae tu kidogo," ananiambia, akipigapiga jiwe. Nikamuuliza tunangoja nani. "Hakuna mtu." Nikakaa. Mama Wakonyo, mimi na Wangeci tumezungumza maisha yetu yote: karo, ng'ombe, mvua, mabati yanayovuja. Sasa watoto wote wameondoka, ng'ombe ana afya, mvua ilinyesha na mabati nilibadilisha. Nilikaa dakika arobaini nikagundua sina la kumwambia mke wangu. Naogopa. Naogopa atatambua kwamba aliolewa na mtu wa karo na mvua tu.

Kwa hivyo naomba kikundi kimrudishe Lamu, akaiache kule tabia ya kukaa aliyoitoa huko, na aletwe Wangeci niliyewapa. Hilo likishindikana, ziara ijayo iwe kwa kiwanda cha mabati, mchana, mashine zikiwaka. Nalo likishindikana, tafadhali waandikie wenye kisiwa wapanue barabara zao zipitishe lori, maana hali ilivyo sasa inahatarisha ndoa za watu wa bara ambao hawakuwakosea lolote.

Nisalimie wanachama wote, mweka hazina, na mzee wako Philip, ambaye nasikia mguu umepoa. Mwambie asiache kutembea.

Ni mimi niliyesumbuka kwa heshima,
Gathogo wa Kiama

Nyongeza: Nimesikia mnarudi Lamu mwezi wa nne na Wangeci amejiandikisha wa kwanza. Najua katiba yenu haikubali wanaume. Niandike kama mpishi, au mbeba mizigo, cheo chochote. Jana alinieleza rangi ya yale maji mara tatu, sikuelewa, akasema si neno. Sitaki achoke kunieleza.