Sonde, Kiti na Shingo ya Papa Urbain

Jumatatu, 3 Machi 2025
Docteur Alphonsine, mkuu wetu hapa hospitalini, ametangaza: mmoja wetu ataenda Kinshasa kufundisha ekografi ya pande tatu, ile mashine ya kuona ndani ya mwili. Mimi au Priscille. Priscille! Ameajiriwa juzi tu! Shindano ni kupatanisha sonde, kile kifaa cha mkononi kinachopiga picha, na kamera inayofuata mienendo yake. Beseni la maji, nyuzi mbili zimekatizana chini. Unazipiga picha sitini kutoka kila upande. Mwenye kosa dogo zaidi anapanda ndege.

Jumanne, 4 Machi
Priscille kageuza sonde, kainamisha, kazungusha, asubuhi nzima. Mimi nimeifunga kwenye kiti kwa mpira wa baiskeli. Haitikisiki! Picha sitini, zote upande mmoja, dakika nne. Kosa lake: milimita nukta tisa. Langu: nukta moja! Docteur kasema bravo. Priscille kauliza niligeuza mkono mara ngapi. Nimemwambia wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi
Papa Urbain, mzee mvuvi wa kabila la Wagenia, kaja na uvimbe mdogo shingoni. Mashine, kwa vipimo vyangu vya jana, imechora kitu kama papai. Docteur kasema apasuliwe kesho. Papa hakulia. Kauliza tu, "Nani atawaonyesha watoto kufunga mitego?" Nikaanza kuipangusa sonde. Bon, kompyuta haidanganyi.

Alhamisi, 6 Machi
Priscille katumbukiza limau kwenye beseni. Kwa vipimo vyake, limau. Kwa vyangu, ndizi! Nikasingizia umeme. Docteur kaniuliza kwa sauti ya chini kama najua Papa Urbain keshavalishwa nguo za upasuaji. Nikasema yote: kiti, mpira, kila kitu. Tukakimbia. Priscille kampima upya. Uvimbe kama harage! Vidonge tu, na arudi baada ya miezi mitatu. Papa katukumbatia, mimi kwa nguvu zaidi, akisema nimeupunguza kwa mashine yangu. Sikutaka kumkatisha mzee furaha.

Ijumaa, 7 Machi
Priscille ndiye wa Kinshasa. Sawa. Adhabu yangu: picha sitini mpya, kila upande, peke yangu, bila kiti. Nimetafakari sana makosa yangu. Kiti kilikuwa kinacheza kidogo. Kwa hiyo nimepiga picha moja, nzuri mno, na kuinakili mara sitini. Kosa: sifuri! Sifuri kabisa! Wamempeleka Kinshasa mtu asiye sahihi.