Nirudishie Boljointi Zangu Zinazocheza

Kwa Mkuu wa Gereji ya Nyuma ya Shule,

YAH: KUTENGENEZEWA GARI KUPITA KIASI

Salamu kwako fundi, na kwa spana zako zote. Mimi ni yule mteja mfupi, msambazaji wa mayai, mwenye pikapu ya kijani inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ninaandika kwa heshima, lakini nimekasirika. Tafadhali nawa mikono kabla ya kusoma.

Wiki iliyopita nilileta gari ubadilishe balbu moja ya taa. Balbu moja! Wewe ukalipandisha jeki, ukapitisha mtaimbo chini ya tairi, ukatikisa, ukaniambia, "Mzee, boljointi zinazoshikilia tairi zinacheza." Nikakujibu ziache zicheze, kwani zimemkosea nani? Niliporudi jioni nikakuta umefunga mpya zote nne, na grisi juu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari halilii. Zamani nikikata tu kona ya kinyozi linaanza: kwii, kwii, go! Mtaa mzima unajua narudi. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye tangu alipokuja kutusalimia kwa siku tatu mwaka juzi, alikuwa anapata muda wa kutosha kubadilisha mazungumzo. Nikiingia nakuta yeye na mke wangu wanaongelea mvua. Tuliishi kwa amani, fundi.

2. Siku hizi nafika kimya kama mwizi. Jumatatu nikiwa mlangoni nilisikia kwamba nakoroma. Jumanne, kwamba nikivaa suruali yangu ya kahawia nafanana na begi lililosahauliwa stendi. Jumatano nilijifungia ndani ya gari saa nzima nikiogopa kusikia ya Jumatano, na trei mbili za mayai zikaharibika kwa jua.

3. Nilijaribu kukohoa nikikaribia. Sasa nanyweshwa dawa ya kifua, vijiko viwili mara tatu kwa siku, na kifua changu kizima kabisa. Honi nayo, kama ulivyoniambia mwenyewe, ilishakufa.

4. Usukani umenyooka. Gari lilikuwa linavuta kushoto, na kwangu ni kushoto. Nilikuwa napiga miayo tu, linajipeleka. Leo eti lazima niendeshe mwenyewe!

5. Hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Mke wangu alikuwa akisikia ile kwii anakuja mbio kunifungulia geti, na kabla sijazima injini ameshanichekea. Miaka kumi na moja hivyo. Sasa ananikuta nimeshakaa sebuleni, anashtuka, anasema, "Eh, kumbe upo?" Linaniuma hilo, fundi. Najiona mgeni nyumbani kwangu.

Kwa hiyo naomba unirudishie boljointi zangu za zamani, zikicheza vilevile kama nilivyozileta. Najua ulinionya kwamba siku moja tairi lingelala katikati ya barabara. Likilala, nitaliamsha.

Nisalimie wote hapo gereji, pamoja na yule mpiga rangi anayeimba, na paka wa chini ya jeki. Mwambie ahame pale.

Ni mimi mteja wako niliyetengenezewa bila kuomba,

Mzee wa Mayai

N.B. Nilikuwa njiani kukuletea barua hii nikarudi nyumbani kuchukua bahasha. Kimya, kama kawaida. Dirishani nikamsikia mama mkwe akimwambia mke wangu, "Mimi ndiye niliyemfuata fundi nikamwambia asimpe mumeo funguo mpaka amfungie boljointi mpya. Lile gari lingeniulia mkwe wangu, na mimi sina mwingine. Usimwambie lakini, atavimba kichwa." Mke wangu akacheka kile kicheko chake cha getini. Nilisimama pale uani nikalia, sikufichi.

Boljointi ziache zilipo. Na ile honi iliyokufa, tafadhali, usiiguse.