Malalamiko Juu ya Shoferi Anayesoma Magodoro

Jabe, Bujumbura
Alhamisi, 17 Mei 2001

Kwa Bwana Rais wa Umoja wa Wenye Mabasi ya Jabe, Ngagara na Cibitoke

Bwana Rais,

Natanguliza kukuulizia hali yako, ya nyumbani kwako na ya mabasi yako. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo.

Wiki iliyopita mlibandika karatasi nyuma ya kiti cha shoferi, mkituuliza sisi abiria kama tumeridhika na huduma. Ina maswali manne: usafi wa viti, adabu ya shoferi, sauti ya muziki, na kushika saa. Chini mmeandika kwamba mwenye la kusema aandike barua, nanyi mtachukua hatua kabla ya siku saba. Abiria wengi walicheka. Mama Odette, yule anayeuza mboga za lengalenga Cibitoke, alisema kwa sauti basi zima lisikie, "Watu wanapigana bunduki kule Kinama, na hawa wanatuuliza kama muziki iko juu!" Mimi sikucheka. La kusema ninalo.

Jina langu ni Wilondja Etabo. Kwetu ni Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilisoma hadi darasa la tano, mwalimu akakimbia, nami baadaye nikakimbia. Sasa nakoroga sabuni kwenye karakana ya Bwana Sami, kule Cibitoke. Kila siku saa moja kamili asubuhi mafuta ya mawese yanamiminwa kwenye pipa pamoja na soda kali, na wanaume wawili wanashika mti mmoja wa kukorogea, mmoja huku, mmoja kule. Mtu mmoja peke yake hauwezi. Wa pili akikosekana, sabuni inaachana: mafuta juu, maji chini, na siku imekufa. Kwa sababu hiyo Bwana Sami ana sheria moja tu. Ukichelewa mara tatu, unampisha mwingine. Na hao wengine wapo, kila asubuhi wamekaa juu ya mawe nje ya lango, wananitazama kama watu wanaongoja mgonjwa afe wapate kitanda.

Mimi nimeshachelewa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa ndani ya basi la shoferi wenu Massoudi. Imebaki moja. Nikiikosa kazi hii, sina ya pili hapa, na nyumbani sina pa kurudi. Kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho.

1. Adabu. Massoudi ana adabu kupita kiasi. Anamsalimia kila anayepanda, Mwislamu kwa salamu yake na Mkristo kwa yake, halafu anauliza habari za watoto, halafu za mtoto mmoja mmoja. Mama mwenye watoto saba akipanda pale sokoni Jabe, sisi wengine tunaanza kusinzia. Kwenye swali lenu la pili nimeandika "nzuri sana". Tafadhali msilihesabu kuwa sifa.

2. Kusikiliza. Kabla ya daraja la Ntahangwa, Massoudi anazima mota. Anatoa kichwa dirishani na kusema, "Munyamaze kidogo, ndugu zangu, nasikiliza." Basi zima linanyamaza, hata watoto, hata kuku. Ukilia mlio wa bunduki, anatoa hukumu kama hakimu: "Ile ni ya Kinama, iko mbali," tunaondoka. Au: "Ile haiko mbali," tunakaa. Mwezi wa nne tulikaa hapo dakika hamsini. Ni kweli mlio haukuwa mbali, sikatai. Lakini nililipa nauli ya kupelekwa, sikulipa ya kusikiliza. Masikio ninayo yangu, nimekuja nayo kutoka Baraka, na yana uzoefu wa vita viwili.

Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuchelewa. Bwana Sami alinipokea langoni akasema, "Wilondja, bunduki hata mi nazisikia, nimelala nazo usiku muzima. Mbona mi nimefika?" Nilitaka kumkumbusha kwamba yeye analala mle mle karakanani. Lakini mtu hamkumbushi tajiri wake mahali anapolala.

3. Magodoro. Hapa ndipo penye kidonda.

Masikio yakimwacha na shaka, Massoudi anangoja watu wanaokuja kwa miguu kutoka Ngagara na Cibitoke, aone wamebeba nini. Wakija na mboga, maziwa au mkaa, njia ni nzima, anawasha. Wakija mikono mitupu na wanatembea haraka, anangoja. Lakini akiona godoro juu ya kichwa cha mtu, haulizi. Anageuza. Anasema mtu anayekimbia anaweza kuacha sufuria, anaweza kuacha redio, hata mume anaweza kumwacha, lakini godoro atalibeba. Abiria wa mstari huu wote wanaijua kanuni hiyo, na wanaiheshimu kuliko mahubiri.

Sasa sikia, Bwana Rais. Jumanne ya wiki iliyopita kulikuwa kimya. Hakuna mlio hata mmoja, hata wa pikipiki. Tukaona godoro linakuja juu ya daraja. Lilikuwa jipya, bado limo ndani ya plastiki yake, limebebwa na vijana wawili, na nyuma yao wanawake sita wamevaa vitenge vya sare wanaimba. Nikasema, "Massoudi, kaka yangu, hiyo ni arusi! Huoni wanaimba?" Akanijibu, "Wilondja, we ni mugeni. Watu wakiogopa sana pia wanaimba." Akageuza. Wale wanawake walipogundua kwamba basi zima limekimbia godoro la bibi arusi wao, walitutukana mpaka tukapotea machoni. Mmoja alituita wajane wa kiume.

Nilifika kazini saa mbili na robo, kwa miguu. Hiyo ni mara ya pili.

4. Hati. Siku hiyo Bwana Sami, ambaye si mtu mbaya, alisema atanisamehe kama nitamletea atestasiyo, yaani hati ya ushahidi, kwamba nilichelewa kwa sababu ya vita. Akasisitiza iwe na kashe, muhuri wa ofisi. Hapa Bujumbura, bila kashe, hata kufa ni uvumi.

Nikaanza na Massoudi. Aliandika nyuma ya karatasi ya pakiti ya sigara: "Mimi Massoudi, shoferi, nashuhudia kwamba niliona godoro." Bwana Sami aliigeuza karatasi mara mbili akitafuta kashe, akaona picha ya sigara.

Nikaenda ofisi ya mtaa. Karani aliniuliza, "Vita gani?" Nikasema, hivi vya hapa. Akasema, "Bwana, sisi hapa hatuna vita. Tuko na usalama mudogo." Nikaomba basi hati ya usalama mdogo. Akasema fomu yake haijachapwa.

Nikaenda kwa askari wa kizuizi cha darajani, nikamweleza kwa heshima, nikiwa nimeinua mikono. Akasema, "Mi sikupiga hata moja siku hiyo. Nenda uulize waliopiga." Nimelitafakari neno hilo siku tatu na naona ana haki. Mwenye kupiga ndiye anayejua saa aliyopiga. Yeye ndiye angetakiwa kuwa na kashe, na kitabu cha kuandikia, na anwani ya kazi. Lakini siku hiyo hakuna aliyepiga, Bwana Rais. Palikuwa na arusi tu. Nani atanipa hati ya vita ambavyo havikuwepo, vilivyonichelewesha kweli?

5. Honoré. Kwenye mstari huu huu mna shoferi mwingine, anaitwa Honoré, wa basi lenye mistari ya kijani. Yeye hasalimii. Hasikilizi. Anawasha muziki, anakanyaga, anapita. Watu wake wanafika Cibitoke saa kumi na mbili na nusu, wanapata hata muda wa kunywa uji. Tunaopanda la Massoudi tunaliona lake linatupita pale darajani, sisi tumezimiwa mota tunatega masikio kama sungura. Abiria wa Honoré wanatupungia mikono. Mama Odette huwa anasema, "Waacheni wapunge, iko siku watapunga wakiwa wamelala." Lakini Mama Odette hana tajiri. Lengalenga zake hazimwandiki kwenye daftari.

Naomba basi Massoudi aondolewe kwenye mstari wetu, apelekwe mahali ambapo kusikiliza kuna faida, kwa mfano kanisani au kwenye baraza la usuluhishi. Sisi tupewe mashoferi wa namna ya Honoré.

6. Ratiba. Kama hilo la tano ni gumu, fanyeni hili, ambalo ni jepesi zaidi. Chapeni ratiba ya mabasi yenu, nakala mbili, mpeleke moja kwa jeshi na moja kwa wale wa msituni. Waandikiwe kwa adabu kwamba kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi kuna watu wanakwenda kazini. Hatuwaombi waache. Mimi si mtu wa siasa, sijui nani alianza. Tunaomba tu wasogeze mbele kidogo. Kwetu Baraka vita vilikuwa vinaanza jioni, watu wamesharudi kutoka shambani. Sisemi vilikuwa vita vizuri, lakini mtu aliweza kupanga siku yake. Hapa mlio unaanza wakati wowote, unakatika katikati, unarudi baada ya chakula cha mchana. Katika mambo yote ya mji huu, hakuna kinachokosa kushika saa kama vita, na karatasi yenu haikutuuliza habari zake hata kidogo.

Pamoja na ratiba, itolewe amri juu ya magodoro. Godoro la arusi lipite baada ya saa tatu. Godoro la kuhama nyumba lipite Jumapili. Asubuhi mapema yabaki magodoro ya kukimbia peke yake, ili shoferi akiona moja ajue ni la kweli, nami nikichelewa niwe nimechelewa kwa haki.

Nangojea jibu lako ndani ya zile siku saba mlizoahidi. Naomba liwe na kashe.

Unisalimie mabwana wote wa Umoja, makarani wako, na yule fundi wa matairi wa Jabe anayetuwekea mabenchi ya kungojea. Msalimie Massoudi pia, ukimwita kumfukuza. Mwambie sina chuki naye, tutaendelea kuulizana habari za watoto. Mungu awalinde nyote, na injini zenu.

Ni mimi abiria wenu,
Wilondja Etabo
mkoroga sabuni

Nyongeza. Ijumaa tarehe 18, jioni.

Bwana Rais, barua hii haikuondoka jana kwa kukosa bahasha, kwa hiyo naongeza haya.

Leo asubuhi nilipanda basi la Honoré, ili malalamiko yangu yawe na ushahidi. Mama Odette nilimshawishi mimi. Nilimwambia, "Njoo, mama, leo utafika soko bado liko tupu, utachagua mahali." Hatukusalimiwa. Darajani hatukusimama. Tulilipita basi la Massoudi limezima mota, na nakiri kwamba nilipunga mkono.

Baada ya daraja, tukiwa Ngagara, tulipishana na godoro moja. Halafu matatu. Halafu sikuhesabu tena. Hakuna aliyekuwa anaimba. Mama Odette aliinuka akapiga kelele, "We shoferi! Hauoni magodoro?" Honoré akajibu, "Mama, mi niko na saa." Akaongeza mwendo. Dirisha la upande wetu likavunjika lote mara moja, na Mama Odette akaketi polepole kama mtu aliyekumbuka jambo.

Risasi imempata begani; wenzetu wamempeleka hospitali. Daktari anasema mkono utabaki, lakini hautabeba mzigo tena. Nimetoka kumwona sasa hivi. Anaongea. Ameniuliza kama lengalenga zimemwagiwa maji, nikasema ndiyo. Si kweli, sijui hata ziko wapi.

Kazini nilifika saa moja kasoro dakika nne. Bwana Sami alitazama saa yake akasema, "Umeona? Inawezekana." Ndipo akaiona damu kwenye shati langu. Tulikoroga. Sabuni imetoka nzuri, ngumu, ya rangi moja.

Kwa hiyo, Bwana Rais, ninayafuta yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la sita, hata yale ya kweli. Massoudi asiguswe. Asiharakishwe, asifundishwe, asipewe saa ya mkononi. Akiona godoro, ageuze, hata likiwa la bibi arusi, hata likiwa la mtoto mchanga. Kwenye karatasi yenu, mahali pa kushika saa, niandikieni kwamba nimeridhika.

Kesho ni Jumamosi, na Jumamosi tunafanya kazi. Nimemwambia Bwana Sami kwamba nitapanda la Massoudi, na kwamba sijui nitafika saa ngapi. Akasema, "Sheria ni ile ile, Wilondja. Ikiwa ya tatu, we utajua."

Najua.