Fyuzi za Bwana Besi

Bwana Besi, kinyozi wa kona ya soko, aliamini kwamba muziki wa gari lake ungeweza kumnyoa mtu ndevu kwa mtikisiko peke yake. Gari lenyewe dogo kama kabati la vyombo, na buti limejaa spika mbili nene.

Asubuhi hiyo alikuwa akimpeleka mama mkwe wake stendi, begi likiwa mapajani mwa mama kwa kukosa pa kukaa. Basi linaondoka saa nne. Jingine ni baada ya wiki nzima. Kwa siku ishirini mama alikuwa amelala na binti yake kitandani, na Bwana Besi kwenye kochi, miguu ikining'inia nje kama nguo zilizoanikwa. Basi hilo alilihitaji kuliko abiria mwenyewe.

Lakini angemwachaje mama aondoke bila kuisikia besi?

"Shika kilemba, mama," akasema, akaongeza sauti.

Dashibodi ikatetemeka, taa zikasinzia, kisha kimya. Fyuzi ya muziki imeungua. Fundi umeme alishamwonya: fyuzi ikiungua, tafuta kwanza kilichoiunguza. Bwana Besi aliona huo ni woga wa mafundi. Akachomoa fyuzi ya honi, akaipachika kwenye muziki.

Mbele kidogo, mkokoteni wa magunia ukaziba njia.

"Piga honi, baba."

"Honi imepumzika, mama."

Mama akafungua mlango. "Pisheni huko!" Mkokoteni ukaruka mtaroni. Honi ya kiwandani isingeweza.

Fyuzi ya honi nayo ikaungua. Akachukua ya vioo. Muziki ukarudi, vioo vikagoma kushuka, mama akaanza kujipepea kwa tiketi.

"Baba, tunasafiri au tunachemshwa?"

"Nyimbo mbili tu, tumefika."

Hiyo nayo ikaungua, stendi ikionekana. Akazima gari. Kwenye kisanduku cha fyuzi maandishi yalishafutika, basi akachomoa iliyokuwa karibu na kidole. Muziki ukanguruma hadi njiwa wakahama mapaa! Akawasha gari. Injini ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena, na tena, besi ikidunda. Kumbe ile ilikuwa fyuzi ya pampu ya mafuta.

Alipokumbuka kuirudisha, spika zilishainyonya betri hadi tone la mwisho. Ufunguo ukasema tk, basi.

"Kaa kwenye usukani," mama akasema, akijifunga khanga kiunoni. "Nasukuma mimi. Wewe umechoka kusikiliza."

Alisukuma hatua kumi. Basi la saa nne likawapita bila kusimama, abiria wakiwapungia mikono.

Mama akapangusa viganja, akachukua begi lake.

"Redio yako nzuri sana, baba. Itafutie gari."

Akajitwika begi, akashika njia ya kurudi nyumbani. Baada ya hatua chache akageuka.

"Na lile kochi, leo lalia upande wa pili. Ule mwingine umeshabonyea."