Goti la Jemadari

Jumatatu, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu: namwogopa mbwa wetu. Miaka sita namrushia Jemadari chakula kupitia dirisha. Sasa anaburuta mguu wa nyuma, na Bibi kaamua mimi ndiye nimpeleke kwa daktari wa mifugo, eti ndiye msomi wa nyumba. Mdogo wangu, miaka tisa, kajitolea kushika kamba. Nimekataa. Kaka mtu nisaidiwe na mtoto wa darasa la tatu!

Jumanne, 5 Machi

Hila imepatikana. Kabatini kulikuwa na kidonge cha kumtuliza Jemadari, kilichobaki siku alipokatwa kucha. Nikakificha ndani ya kipande cha nyama. Nusu saa tu, simba kawa godoro! Nikamsukuma kwa toroli hadi kliniki, kifua mbele.

Daktari akamgonga goti kwa kinyundo. Kimya. Akambinya kidole cha mguu. Kimya. Akaupindua wayo, ambao mbwa mwenye afya huurudisha mara moja. Jemadari akakoroma. Daktari akauliza kama kapewa dawa yoyote. Nikasema hapana. Akakunja uso: huenda neva zimebanwa mgongoni. Ijumaa apasuliwe.

Bibi kalia. Sikujua Bibi hulia.

Jumatano, 6 Machi

Mbwa wa watu apasuliwe mgongo kwa sababu ya uoga wangu! Nimeandika barua bila jina, "Msamaria mwema anakujulisha", nikaipenyeza chini ya mlango wa kliniki. Daktari kapiga simu kabla sijafika nyumbani. Kasema mtaani hapa Msamaria ni mmoja tu anayeorodhesha vitabu vitatu na kurasa zake mwishoni mwa barua.

Kanieleza polepole, kama anayemfundisha mbuzi. Dawa ile haiharibu neva, inazinyamazisha tu. Goti na kidole hupimwa mbwa akiwa macho. Kuchoma sindano ya kupima msuli kutafuata, na hapo atamlaza kwa dawa yeye mwenyewe. Upasuaji umesimama. Nimlete kesho bila dawa, na asile kitu tangu usiku, asije akatapika usingizini.

Nikamwungamia Bibi. Kaniuliza: "Mjukuu wangu, vile vitabu huwa unavisoma au unavihesabu?" Mdogo wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema kesho kamba ataishika yeye. Nimekataa.

Alhamisi, 7 Machi

Jemadari yuko macho kuliko askari wa zamu. Nimegusa kamba, kaningurumia. Nimetafakari. Daktari kakataza dawa. Chakula si dawa. Mbwa mwenye njaa ana hasira, aliyeshiba husinzia, na kusinzia si kulala. Hoja haina ufa!

Saa kumi na mbili asubuhi nimepika sufuria ya wali na maini. Nimemsogezea kwa mpini wa ufagio. Kala yote, kalamba mpaka mfuniko, kajilaza. Nimempakia kwenye toroli, nikashika njia ya kliniki.