Magugu Yaliyopangwa Mstari

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kukagua mchicha. Mbegu alitoa yeye, mke wangu akapanda, kupalilia nimeachiwa mimi. Bustani ikiwa safi, atarudi kwake jioni ile ile. Ikiwa chafu, atabaki kumsaidia binti yake. Mara ya mwisho alikuja kwa siku mbili, akakaa mpaka mapazia yakachakaa!
Jirani yetu, mwalimu mstaafu, kanishauri ning'oe magugu kidogo kidogo kila asubuhi, pamoja na mizizi. Kila asubuhi! Na wala sikumuuliza. Mimi natumia akili. Nitafunika tuta kwa nyasi kavu, magugu yafe kwa kukosa mwanga.

Jumanne, 4 Machi
Nyasi nimezipata bure kando ya barabara. Zimejaa mbegu, zinapendeza. Mwalimu kachungulia uani, akasema nyasi za kutandaza hukatwa kabla hazijatoa mbegu. Wivu tu. Nimezimwagia maji mengi zisipeperuke.

Jumatano, 12 Machi
Nyasi zimeota. Tuta zima kijani, mchicha hauonekani. Mke wangu yuko zamu hospitalini, akirudi anaanguka kitandani. Mungu ni mwema.

Ijumaa, 14 Machi
Kung'oa yote, mgongo umekataa. Lakini gugu likisimama kwenye mstari, nani atasema ni gugu? Nimekaza uzi, nimeng'oa kila kilichoota nje ya uzi. Mistari minne, imenyooka! Mwalimu kaangalia, karudi kwake akitikisa kichwa. Leo nimemweza.

Jumamosi, 15 Machi
Mama mkwe kainama mbele ya tuta, kagusa jani moja. Kisha kwa upole: "Mwanangu, haya umeyapanga mwenyewe?"
Nikajibu, kwa mikono yangu miwili.
Kumbe mchicha wake ndio ulikuwa nje ya uzi. Akamwambia mke wangu amtandikie kitanda, haondoki mpaka bustani ipone. Mke wangu hakunitazama. Imeniuma.

Jumapili, 16 Machi
Nang'oa tangu asubuhi. Mama mkwe yuko kwenye kigoda, ananionyesha magugu kwa kidole cha mguu. Kapanda miche mipya, kapewa na mwalimu! Wanacheka pamoja.
Ila dawa nimeipata. Fundi viatu ataniazima mbuzi wake kesho. Yeye atakula magugu, mimi nitaketi. Na kwa kuwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, nimemnunulia kamba ndefu, maskini, asije akalala njaa.